Nimefika Tano

Mkutano wa wazazi uliitwa saa nane, ukaanza saa tisa na robo.
Darasa la nne B. Tumebanana kwenye madawati ya wanetu,
magoti yanatafuta videvu.
Kocha Lutengano anaandika ubaoni, chaki inalia:
godoro jembamba, chandarua, raba,
kadi ya bima, nakala ya cheti cha kuzaliwa,
elfu arobaini na tano kabla ya Ijumaa.
Dodoma, halafu Singida, halafu, Mungu akipenda, Mwanza.
"Na nywele," akasema, "wasukwe wote mtindo mmoja.
Twende kilioni."
Mama mmoja nyuma akaangua kicheko:
"Kilioni, kocha? Si umesema tunakwenda kushinda?"

Mimi nilikuja na swali nimelikunja kama risiti.
Nimelishika tangu karakana, tangu Keko,
vumbi la mninga bado liko masikioni:
Kwa nini Mwantumu kila siku yuko chini?
Mnara una watoto kumi.
Juu kabisa ni Bupe, mwembamba kama njiti ya kiberiti,
anapunga mikono, anapigwa picha.
Wangu namwona kisogo,
na mabega yenye alama za nyayo za wenzake.
Nimezaa mtoto, au nimechonga kigoda?

Nikanyoosha mkono.
"Ndiyo, Baba Mwantumu."
Nikauliza kama Dodoma kuna baridi.
"Ipo. Sweta."
Nikaandika: sweta.

Usiku begi liko wazi kitandani.
Mama yake anahesabu soksi, mimi nahesabu noti,
Mwantumu amelala chali sakafuni, miguu ukutani,
naye anahesabu kitu, midomo inacheza.
"Unahesabu nini?"
"Mnara. Sisi wa chini hatuuoni, baba, tunauhesabu.
Moja, Siwatu kapanda. Mbili, Nasra.
Sita, kisigino cha Bupe kinapita begani kwangu,
cha kushoto, kina sugu."
Nje jenereta la jirani linakohoa, linanyamaza.
"Akiwa hajala najua. Anakuwa mzito."
"Bupe? Hata kilo ishirini na tano hafikishi!"
"Anatetemeka, baba.
Mtu anayetetemeka ni mzito."

Miaka kumi na tisa nachonga meza,
nimebishana na wateja juu ya mbao, juu ya gundi, juu ya bei,
wala hakuna aliyeniambia hivyo.
"Mama, chapati ziwe nane," akasema, hakueleza.
Mama yake alikuwa ameshaongeza unga.

Stesheni, kabla ya adhana.
Treni ya umeme imetulia kama mgeni aliyefika mapema.
Wasichana kumi, misuko kumi, wote twende kilioni,
na wazazi nyuma ya mstari, ndivyo tulivyoambiwa.
"Simu msipige," kocha anasema. "Tutapiga sisi."
"Akianguka?"
Sauti ndogo, ya Mama Bupe.
Siku ile darasani hakuna aliyethubutu kuuliza.
Kocha akafungua mdomo, lakini yeye hakumngoja.
Alikuwa anayatazama mabega ya binti yangu
kama mtu anavyotikisa kitanda kwa mkono
kabla ya kumlaza mtoto.
Kisha akamshika, hapa, juu ya mfupa.
"Haya, mama," akamwambia. "Haya."
Mlango ukajifunga bila kelele.

Leo Jumamosi. Saa nne ndiyo zamu yao.
Simu iko juu ya benchi, chaji imejaa.
Nimeipindua meza ya mteja wa Kurasini, miguu juu,
napiga msasa upande ambao hata mwenyewe hatauona,
labda siku akiangusha kijiko.
Kibwana ananicheka kutoka kwenye randa yake:
"Huko chini, fundi, unamng'arishia nani?"

Simjibu. Nahesabu.
Nimefika tano.